Wasomaji Wanauliza: Majarida, Mkasi na Fremu 1,080

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu uhuishaji wa vipande vya karatasi: unakata picha majaridani, unazilaza mezani, unasogeza kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nataka kutengeneza filamu ya majaribio ya dakika moja na nusu kwa picha nilizokata majaridani. Haina hadithi, ni picha na sauti tu. Boksi la vipande limejaa, lakini kila nikikaa mezani sijui nianzie wapi. Filamu isiyo na hadithi nayo inahitaji mpango?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Inahitaji mpango kuliko hata ile yenye hadithi. Hadithi humwambia mtengenezaji kinachofuata. Ukiiondoa, lazima kitu kingine kishike usukani, na kitu hicho ni kanuni. Iwe moja, zikizidi sana mbili. Kwa mfano: kinachoonekana ni mikono tu, inaingia kutoka kushoto na kulia, na hakuna uso hata mmoja mpaka sekunde ya 70. Au: kila sekunde kumi zina rangi moja. Kanuni ikiwa kali, boksi linajichambua lenyewe, na mtazamaji huanza kusubiri siku utakayoivunja. Ukiwa na kanuni tano huna hata moja.

Kisha piga hesabu kabla ya kugusa kamera. Kwa kazi hii fremu 12 kwa sekunde zinatosha (fremu ni picha moja moja inayounda video). Programu itarudia kila fremu mara mbili ili video itoke kwa 24. Sekunde 90 mara 12 ni fremu 1,080. Mtu aliyezoea, mwenye tabaka mbili au tatu za karatasi mezani, hupata kama fremu 40 hadi 60 kwa saa. Hizo ni saa 18 hadi 27 za kupiga tu, kukata hakujahesabiwa. Hesabu ikikutisha, punguza urefu wa filamu. Usipunguze fremu chini ya 8 kwa sekunde, maana hapo jicho linaacha kuona mwendo, linaona picha zinazobadilishwa.

Sasa hilo boksi. Wengi hupanga vipande kwa mada: magari huku, vyakula kule. Mpangilio huo haukusaidii chochote wakati wa kupiga. Panga kwa namna kipande kitakavyotembea: bahasha ya vinavyoelekea kushoto, ya vinavyoelekea kulia, ya vya mviringo (matairi, sahani, machungwa, saa), ya vyenye jicho, ya virefu vyembamba, ya mandhari ya nyuma. Chungwa na tairi vikikaa bahasha moja, siku moja utaona kwamba vinalingana ukubwa, na hapo ndipo kimoja kitageuka kingine.

Sauti ifanye kwanza, hata kama ni ya muda. Mdundo ukiwa wa mapigo 120 kwa dakika, pigo linaangukia kila fremu ya 6; wa 90 kila ya 8; wa 80 kila ya 9; wa 72 kila ya 10. Mdundo wa 100 ni mtego: pigo linaangukia fremu 7.2. Ukizungusha kwa 7, baada ya mapigo matano picha itakuwa imeitangulia sauti kwa fremu nzima, na baada ya nusu dakika hakuna asiyeona. Gawanya 720 kwa idadi ya mapigo. Isipotoka namba kamili, tafuta mdundo mwingine.

Mwisho ni jedwali la fremu. Chukua karatasi ya A4 yenye mistari 48, kila mstari fremu moja, ili ukurasa uwe sekunde nne. Safu zake: namba ya fremu, sauti, tabaka la chini, la kati, la juu, na nafasi ya maelezo kama "taa ya kushoto imezimwa". Filamu yako itakula kurasa 23. Usizijaze zote. Jaza mapigo, mahali pa kubadili mandhari, na sehemu ambazo kipande lazima kifike mahali fulani kwa wakati fulani. Kilichobaki kiache mkono uamue mezani. Kisha piga rasimu: picha moja tu kwa kila badiliko, iinyooshe juu ya sauti, uitazame. Jioni moja ya rasimu itakuonyesha sehemu inayochosha kabla hujaipigia picha 200.

Kamera yangu ni simu. Niifunge vipi itazame chini, na nitumie taa gani?
*Msomaji, Mwanza*

Anza na eneo la picha. Chora kwa penseli mstatili wa sentimita 40 kwa 22.5 juu ya karatasi ya A3. Huo ndio uwiano wa skrini ya video, na picha za jarida la kawaida zinakaa ndani yake bila kubanana. Kwa simu nyingi, kamera kuu huona upana huo ikiwa juu kama sentimita 30 hadi 35. Ni karibu, mikono itagongana na simu. Ikiwa simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta mara mbili, itumie uipandishe hadi kama sentimita 60. Kuvuta kwa programu tu bila lenzi kunapunguza ubora.

Stendi ya bei nafuu na imara ni ubao uliotobolewa tundu, ukalazwa juu ya nguzo mbili za matofali. Simu inalala chali juu ya ubao, skrini juu, lenzi ikichungulia kwenye tundu, na inashikwa kwa selotepu pande zote nne. Tripodi ndefu yenye mkono wa pembeni inapendeza machoni, lakini inanesa kila ukigusa skrini. Kwa hiyo skrini usiiguse: chomeka earphone za waya, na kitufe chake cha kuongeza sauti kwenye simu nyingi kitafyatua picha. Simu iwe katika hali ya ndege, maana mtetemo wa ujumbe mmoja unatosha kuharibu mpangilio. Meza nayo iwe juu ya sakafu ya saruji. Sakafu ya mbao hushuka unapoikanyaga.

Ndani ya programu ya kupigia picha funga kila kitu: fokasi, mwanga, mizani ya rangi nyeupe. Zima HDR (simu kuchanganya picha kadhaa za mwanga tofauti) na lolote linaloitwa kuboresha picha, na zima pia lile jambo la simu mpya kuhamia lenzi nyingine yenyewe kitu kikisogezwa karibu. Stop Motion Studio inatosha kwa simu, na inakuonyesha fremu iliyopita ikiwa kivuli juu ya ya sasa. Wanaotumia kamera na kompyuta wengi wako kwenye Dragonframe, ya kulipia.

Taa ni mbili, za LED, za aina moja na wati zilezile (9 zinatosha), moja kila upande, kwa pembe ya digrii 45 au chini zaidi, umbali wa sentimita 60 hadi 80. Pazia lifungwe. Jua la dirishani ni zuri mpaka wingu lipite.

Juu ya vipande lalisha kioo cha milimita 4, sentimita 45 kwa 30, na mwambie fundi vioo asage kingo zake. Kioo kinalaza karatasi na kuua vivuli vya kingo. Shida yake ni mbili. Kwanza, kinaonyesha sura ya simu. Zungushia lenzi manila nyeusi yenye tundu, sura itapotea. Pili, ukikinyanyua moja kwa moja juu, hewa inavuta vipande. Kinyanyue upande mmoja kama unafungua kitabu, na upande wa pili ushikwe kwa utepe wa kitambaa ufanye kazi ya bawaba, ili kila mara kirudi palepale.

Feni zima. Ndiyo, tunajua Mwanza ni joto.

Nimepiga picha 300, lakini video inapepesa kama taa bovu. Nilifunga mwanga kwenye simu kama nilivyoelekezwa. Shida iko wapi?
*Mwanafunzi wa sanaa, Nairobi*

Itazame fremu moja moja, mbele na nyuma, uone ni nini hasa kinachobadilika. Ikiwa picha nzima inapanda na kushuka mwanga, ama kufunga hakukushika (programu nyingine hufungua kila ukitoka na kurudi), ama umeme wa nyumba unapanda na kushuka. Taa za kuchaji ziko salama na umeme, lakini nyingi hufifia taratibu betri inavyoisha, na kufifia huko hukuoni mpaka ulinganishe fremu ya 1 na ya 200. Rangi ikihama kutoka manjano kwenda buluu, mizani ya nyeupe ilibaki kujiamulia.

Ikiwa ni upande mmoja tu unaotiwa giza au kung'aa, chanzo ni wewe. Shati jeupe hurudisha mwanga mezani kama kioo, na leo umesimama hapa, kesho pale. Vaa nguo nyeusi, simama mahali pamoja kila unapofyatua, tia alama kwa selotepu sakafuni.

Ukiona michirizi ya giza inayopita kwenye picha, hiyo ni shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) na umeme kutoelewana. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila macho kugundua. Weka shata 1/50 au 1/25, usitumie 1/60 wala 1/200. Na kwa wenye kamera kubwa: lenzi ya kisasa hufunga tundu lake upya kwa kila picha, na kamwe haifungi sawasawa mara mbili. Ama piga tundu likiwa wazi kabisa, ama tafuta lenzi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono.

Picha 300 ulizonazo zinaweza kuokolewa ikiwa kinachobadilika ni mwanga wa picha nzima. Programu za kuhariri zina kichujio cha kutuliza kupepesa. Kivuli cha mwili hakifutiki kwa kichujio. Hizo rudia.

Hapa kwetu unyevu mwingi. Vipande vinajikunja asubuhi ya pili, maandishi ya upande wa nyuma yanaonekana, na kila kipande kina ukingo mweupe. Nifanye nini?
*Msomaji, Tanga*

Karatasi ya jarida inayong'aa hunywa unyevu kwa nyuzi zake, na gundi ya maji inauongeza. Ndiyo maana kipande kilichopakwa gundi nyeupe ya shuleni kinakuwa kama chipsi. Tumia gundi ya kijiti, paka nyuma ya picha kabla ya kuikata, ibandike juu ya karatasi nyeusi nyembamba, iweke chini ya vitabu vizito usiku mzima. Kata kesho yake. Kwa mpango huo matatizo mawili yamekwisha: karatasi nyeusi inazuia maandishi ya nyuma, na inatia ugumu. Ukitumia nyeupe, taa kali bado zitayaonyesha. Kipande kitakachosogezwa zaidi ya mara 100, kama mhusika mkuu, kiongezee manila.

Ukingo mweupe ni unene wa karatasi yenyewe unaoonekana kwa pembeni. Pitisha maka nyeusi au ya rangi inayofanana ukingoni, kalamu ikitokea upande wa nyuma ili wino usipande juu ya picha. Usipitishe vipande kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki. Vitanyooka, kweli, lakini vitang'aa kila taa itakapovigusa, na kung'aa huko kutahamahama kwa kila fremu.

Usiku vihifadhi ndani ya kitabu, kitabu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kule bara wakati wa kiangazi shida inageuka: karatasi inashika umeme tuli na kurukia kioo. Futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha subiri kikauke.

Vipande vyangu vinatembea kama roboti. Pia nataka uso mmoja uongee Kiswahili. Inawezekana kwa karatasi?
*Msomaji, Mombasa*

Uroboti unatokana na hatua zilizolingana. Kitu chochote huanza taratibu, hushika kasi, hupungua. Kwa safari ya sentimita 5 jaribu milimita hizi, fremu kwa fremu: 1, 2, 4, 6, 8, 8, 8, 6, 4, 2, 1. Zichore kwenye ukanda wa karatasi uulaze kando ya kipande, kisha uuondoe kabla ya kufyatua (watu husahau, kwa hiyo uwe mwekundu). Mwishoni mwa safari acha kipande kitulie fremu 4 au 6. Macho yanahitaji kupumzika ili yaamini kwamba kilikuwa kinakwenda.

Viungo vya mkono au mguu: tundu la sindano, uzi wenye fundo mbele, nyuma selotepu. Kabla ya kukata kiwiko, ongeza nyama ya duara kwenye ncha zote mbili ili mkono ukikunjwa pengo lisionekane. Lotte Reiniger, Mjerumani aliyemaliza filamu ndefu ya vivuli vya karatasi mwaka 1926, aliunganisha vipande vyake kwa waya na kuviongezea bati nyembamba la risasi ili vitulie palipowekwa. Risasi ni sumu, usiiguse. Kipunje cha Blu-Tack (gundi laini inayobandulika) chini ya kipande kinafanya kazi hiyohiyo.

Na kuongea, Kiswahili ni rahisi kuliko lugha nyingi, kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Unahitaji midomo sita: a, e, i, o, u, na mmoja uliofumbwa kwa m, b na p. Usitafute midomo sita ya mtu yuleyule majaridani, hutaipata; toa nakala sita za uso mmoja kwa rangi, uchore au ubandike midomo ya watu wengine. Kwa filamu ya majaribio, mdomo usiolingana na uso ni faida. Ukirekodi sauti kwa utulivu, silabi nne kwa sekunde, kila silabi ina fremu tatu: moja ya konsonanti, mbili za irabu. Neno "mama" ni fumbo, a, a, fumbo, a, a. Kwenye "mtu", ile m inasimama peke yake, kwa hiyo mpe mdomo uliofumbwa fremu zote tatu.

Ninataka picha zibadilike harakaharaka, kila fremu picha mpya. Jaribio langu la kwanza lilikuwa vurugu tupu, na vipande vya gazeti vilitoa mawimbi ya ajabu.
*Msomaji, Bujumbura*

Kwa fremu 12 kwa sekunde, fremu moja ni sehemu ya 12 ya sekunde. Jicho linaiona lakini haliitambui. Shikilia kila picha fremu 2 au 3, na muhimu zaidi, ziwe na kitu kimoja mahali palepale. Ukibadilisha nyuso, jicho la kushoto likae kwenye nukta ileile ya meza katika picha zote. Chora alama ya msalaba kwenye plastiki angavu uipange chini yake. Kitovu kikitulia, vinavyozunguka vinaweza kuwa vichaa watakavyo. Ndivyo ilivyo pia kwa sauti: *Frank Film* ya 1973, kolaji ya majarida ya dakika tisa iliyopata Oscar, inakimbiza picha nyingi mno, na sauti zake mbili zinazungumza kwa wakati mmoja, lakini ni mtu mmoja anayesimulia maisha yake.

Andaa vipande vya kutosha. Dakika moja ni fremu 720. Ukishikilia kila picha fremu 3 unahitaji picha 240 za umbo moja. Jarida la kurasa 64 likikupa 12 zinazofaa, utahitaji majarida 20. Wauzaji wa mtumba wa vitabu huyauza kwa rundo.

Mawimbi uliyoyaona ni vitone vya uchapaji vikigombana na pikseli. Picha ya gazeti ina mistari ya vitone kama 33 kwa sentimita, na eneo la sentimita 40 kwenye video ya pikseli 1,920 lina pikseli 48 kwa sentimita: mawili haya yako karibu mno. Piga kwa upana wa pikseli 4,000 au zaidi kisha upunguze wakati wa kuhariri, au kizungushe kipande digrii chache. Wakati mwingine kuhamisha kamera kwa sentimita mbili kunatosha.

Na jambo moja si la urembo. Weupe na weusi zikipishana zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kuna watazamaji wenye kifafa wanaoweza kupatwa na degedege. Ama punguza tofauti ya mwanga kati ya picha zinazofuatana, ama weka onyo mwanzoni. Fanya vyote viwili ukiweza.

Picha za majarida si mali yangu. Nikiipeleka filamu kwenye tamasha nitashtakiwa?
*Msomaji, Nakuru*

Kununua jarida ni kununua karatasi. Picha inabaki na mwenyewe. Kuikata vidogo kunabadilisha sura yake, lakini hakukupi kibali, na tangazo lenye nembo na uso wa mtu lina wenye haki zaidi ya mmoja. Matamasha mengi hukutaka utie sahihi kwamba haki zote umezipata, na sahihi hiyo ni yako, si yao. Kwa Kenya, haki ya picha hudumu miaka 50 tangu ilipopigwa au kuchapishwa, kwa hiyo majarida ya miaka ya 1960 ni uwanja mpana. Kwa mapya, mwandikie mchapishaji ukieleza ukurasa, toleo na sekunde ambazo picha itaonekana. Wengine hukubali bure kwa kazi ya sanaa. Ofisi za hakimiliki, KECOBO kwa Kenya na COSOTA kwa Tanzania, hujibu maswali ya namna hii. Andika orodha unapokata, jarida na ukurasa nyuma ya kila kipande kwa penseli. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka.

Ni mkasi au wembe?
*Msomaji, Zanzibar*

Mkasi mdogo wenye ncha kwa mzunguko wa nje, na ugeuze karatasi, si mkasi. Kisu cha karatasi chenye wembe mpya kwa matundu ya ndani, kama nafasi kati ya mkono na kiuno. Anza na matundu ya ndani, karatasi ikiwa bado ina pa kushikwa. Wembe ukianza kunyofoa badala ya kukata, ubadilishe.